Darasa la Kiebrania la Jumamosi: nukta zilizopotea

Nimemaliza Jumamosi kumi za Kiebrania cha Biblia katika ukumbi wa kanisa moja karibu na Ngong Road. Wenzangu wa kamati ya kutembelea waliofiwa wananiuliza kama shilingi 4,500 zimekwenda mahali pazuri, basi nawajibu wote hapa.

Lawama kwanza. Somo ni saa tatu asubuhi, lakini mwenye ufunguo hufika saa tatu na nusu, mandazi mkononi. Chai ina maziwa tele, majani ya kubahatisha. Kilichoniudhi hasa ni fotokopi. Irabu za Kiebrania ni nukta na vistari vidogo, vingi vikikaa chini ya herufi, na mashine yao ilikuwa imezila nusu. Mwezi mzima tulisoma kwa kukisia. Jirani yangu, mama mboga wa soko la Toi, alizirudishia kwa kalamu nyekundu, na akikosea anacheka mwenyewe.

Jumamosi ya sita ndiyo iliyolipa karo yote. Mwalimu aliandika herufi tatu ubaoni, n, kh, m, akasema huo ni mzizi wa kitenzi nakham. Akatufungulisha Biblia zetu za Union Version. Mwanzo 6:6, Bwana "akaghairi" kwa kumfanya mwanadamu. 1 Samweli 15:11, "Najuta". Isaya 40:1, "Watulizeni mioyo". Zaburi 23, gongo na fimbo "vyanifariji". Kote humo kitenzi ni hicho hicho kimoja.

Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka kumi na tisa, kwa hiyo nikainua mkono kwa maringo: huo ni mnyambuliko tu, kama tulia na tuliza. Akanipa nusu alama. Ni kweli, katika umbo la nifali, linaloongeza n mbele ya mzizi, mtu anajuta, anaghairi au anafarijika, kama Isaka baada ya kufa mamaye. Katika umbo la pieli anamfariji mwingine. "Lakini tazama hapa, mwalimu mwenzangu." Akaandika Amosi 7:3 na chini yake Isaya 49:13. Zote zina nikham, kitenzi hicho hicho kikiwa kimenyambuliwa, halafu jina la Mungu. Herufi zile zile, nukta zile zile! Kwa Amosi ni nifali: n ya mzizi imemezwa, ikabaki ya kiambishi. Kwa Isaya ni pieli, na n ni ya mzizi wenyewe. Jicho halioni tofauti. Kwa Amosi linafuata "juu ya hili", basi Mungu ameghairi kuwaleta nzige. Kwa Isaya linafuata "watu wake", basi amewafariji. Nami nilikuwa nimelalamikia fotokopi wiki tano.

Hapo mama mboga akasema, bila kuinua mkono, "Si hiyo ni pole tu? Ukinikanyaga kwa matatu unaniambia pole. Nikifiwa, pia unaniambia pole."

Mwalimu akaweka chaki chini. Mimi niliona haya kidogo, maana neno hilo nalitamka mara ishirini kwa siku. Hata hivyo hakumwachia hivi hivi. Nakham huweza kumgeuza mtu nia, alisema, ilhali pole ya kwenye matatu haiondoi kiatu juu ya mguu wako.

Nampendea hilo: habebeshi neno mzigo. Mchungaji mmoja kijana alileta habari kwamba mzizi huu asili yake ni kuvuta pumzi, akataka kuujengea mahubiri. Mwalimu akamuuliza kama yeye, akimwamkia nyanya yake shikamoo, huwa anainama kumshika miguu. Tulicheka, mchungaji naye. Kuhusu 1 Samweli 15 walibishana dakika arobaini, kwa kuwa Mungu anajuta mstari wa 11, mstari wa 29 tunaambiwa si mwanadamu hata ajute, na mstari wa 35 anaghairi tena, kitenzi kikiwa kile kile. Anayetaka jibu la haraka atakereka, maana mwalimu alitupa mistari yote mitatu akaenda kunywa ile chai yake.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa mama aliyefiwa na mwanawe huko Kariobangi. Nilikuwa nimezoea kusoma Zaburi 23. Safari hii nikasoma Mwanzo 37:35, Yakobo amezungukwa na wanawe na binti zake wanaomtuliza, naye akakataa kutulizwa. Nakham tena. Mama akaniomba niurudie mstari huo, kisha akanyamaza, nasi tukanyamaza naye.

Awamu ya pili inaanza mwezi ujao na nimeshalipa nusu. Njooni na kalamu nyekundu, na chai yenu kwenye thamosi. Kitenzi cha kwanza ni shama, kusikia, ambacho pia ni kutii. Mama mboga ameshatangulia: anauliza kama ndiyo maana tunasema mtoto wa fulani hasikii.