Mionzi ya protoni kwa mtoto mwenye uvimbe wa ubongo: tathmini ya mjomba kutoka Kigoma

Mpwa wangu, binti wa miaka tisa, alianza kwa kutapika alfajiri na kuyumba akitembea, nasi tukadhani ni malaria, kwa kuwa hapa Kigoma kila homa na kila kutapika huanzia kudhaniwa hivyo. Hospitali ya Maweni ilitupa rufaa ya Dar es Salaam, akapasuliwa kichwa Muhimbili katika Taasisi ya Mifupa, na majibu ya kipimo cha kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe yakaonyesha saratani iitwayo meduloblastoma, ambayo huota nyuma ya ubongo na kupenda kusambaa kupitia maji yanayozunguka uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo haitoshi kuchoma mionzi pale ulipokuwa uvimbe peke yake. Ubongo wote na uti wa mgongo wote, kutoka shingoni hadi kiunoni, lazima vipitiwe. Mionzi ya kawaida, yaani ya eksirei, ingepatikana Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam. Baada ya kuzungumza na madaktari na kukaa vikao vingi vya ukoo, tuliuza kiwanja chetu cha Gungu tukampeleka kwenye kituo kimoja cha mionzi ya protoni, yaani chembe ndogo za kiini cha atomu, nchini India, na huduma hiyo ndiyo ninayoitathmini hapa.

Faida yake nilielewa pale tu nilipoifikiria kwa mfano wa reli yetu. Mionzi ya eksirei ni sawa na treni inayoanza kushusha mzigo mara tu inapoingia mwilini, ikaendelea kuushusha kila stesheni, ikapita stesheni tuliyoikusudia na kutokea upande wa pili ikiwa bado inadondosha. Protoni ni treni ya Kigoma: hushusha kidogo njiani, sehemu kubwa ya mzigo huimwaga kwenye stesheni ya mwisho, na ikifika hapo haina reli ya kuendelea, kwani mbele ni ziwa. Tabia hii ya chembe kumwaga nguvu zake mwishoni mwa safari iligunduliwa na William Henry Bragg mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1946 Robert Wilson, mwanafizikia wa Marekani, akapendekeza itumike kutibu wagonjwa. Wagonjwa wa kwanza walitibiwa Berkeley mwaka 1954, na hospitali ya kwanza kujengewa mtambo wake yenyewe ilikuwa ya Loma Linda, California, mwaka 1990. Daktari huchagua stesheni ya mwisho kwa kupandisha au kushusha nguvu ya protoni: zenye nguvu ndogo huishia sentimita chache chini ya ngozi, na zenye nguvu kubwa hufika kina cha sentimita 30 na zaidi.

Sasa mlaze mtoto kitandani na ufikirie kilichopo mbele ya uti wake wa mgongo. Kuna moyo, mapafu, koo la chakula, tezi ya shingo, utumbo, na kwa binti kuna mifuko ya mayai. Eksirei inayoelekezwa kwenye mgongo hutokea mbele kupitia viungo hivyo vyote, ilhali protoni huishia kwenye pingili za uti. Pingili zenyewe hupewa dozi kamili kwa makusudi, maana mtoto anayekua akichomwa nusu ya pingili anaweza kukua akiwa amepinda. Daktari alituonyesha kwenye kompyuta mipango miwili ya mtoto huyohuyo, mmoja wa eksirei na mwingine wa protoni, na katika ule wa pili eneo la moyo lilikuwa jeusi tupu, bila rangi yoyote ya dozi. Dada yangu aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, hapo nimeelewa."

Nisieleweke vibaya: protoni haziui saratani kwa ukali kuliko eksirei. Mwaka 2016 madaktari wa Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa 59 wa meduloblastoma waliotibiwa kwa protoni, na uwezekano wao wa kupona ulilingana na wa waliotibiwa kwa eksirei. Jambo lililowapa matumaini ni kwamba hawakuona madhara ya baadaye ya moyo, mapafu wala tumbo. Mtoto anayepona akiwa na miaka tisa ana miaka 60 mbele yake ya kuishi na mwili huohuo, na hii ndiyo hesabu iliyotufanya tuuze kiwanja.

Dozi yake ilikuwa Grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 23.4 kwa ubongo na uti wa mgongo, kisha mahali pa uvimbe pakaongezwa hadi Grei 54, jumla vipindi 30, siku tano kwa wiki. Kabla ya kuanza walimtengenezea barakoa: bamba la plastiki lenye matundu huchovywa kwenye maji ya moto hadi lilegee kama unga wa chapati, hutandazwa usoni likiwa na joto la kuvumilika, kisha hukauka kwa umbo lake yeye tu na hufungwa kwenye kitanda ili kichwa kisisogee. Mpwa wangu alipoiona alisema, "Mjomba, huu si wavu wa dagaa?" Kila siku alilala humo karibu nusu saa, ingawa miale yenyewe ilichukua dakika chache, kwani muda mwingi ni wa kumpanga na kumpiga picha wahakikishe amelala sawasawa na jana. Wafanyakazi walistahi sana hali yake. Hawakumkimbiza hata siku moja, na kufikia wiki ya pili mhudumu mmoja alikuwa ameshajifunza kumwambia "mwakeye", salamu yetu ya Kiha, kila asubuhi.

Wiki ya tatu alikuwa amepungua uzito, wakarudia picha ya CT na kurekebisha mpango. Nalisifu jambo hili kwa sababu linagusa udhaifu wa tiba yenyewe: treni inayosimama mahali halisi inahitaji ramani sahihi, na mwili ukibadilika, hata kwa milimita chache, protoni zinaweza kuishia kabla au baada ya palipokusudiwa. Kituo kisichorudia vipimo katikati ya tiba kisingepata imani yangu.

Madhara yalikuwepo. Nywele zilitoka, alichoka, alitapika katika wiki ya kwanza, ngozi ya mgongoni ikawa nyeusi. Ubongo ulipewa dozi, kwa hiyo masikio, homoni za ukuaji na uwezo wa kujifunza shuleni bado vinahitaji kuangaliwa kwa miaka mingi. Aliendelea kumeza uji bila koo kuuma.

Lalamiko langu kubwa ni la kabla ya safari. Maabara moja ilituchelewesha kupata bloku, yaani kipande cha nta kilichohifadhi kile kinyama cha uvimbe, na katika ugonjwa huu mionzi inapaswa kuanza wiki chache tu baada ya upasuaji, kwa hiyo kila siku iliyopotea ilituumiza. Lalamiko la pili ni juu ya wakala mmoja wa matibabu ya nje, aliyemwambia jirani yetu wa Mwanga mwenye saratani ya tezi dume kwamba protoni "hazina madhara kabisa" na kwamba asihangaike na Ocean Road. Hilo si kweli, na ni ukatili kumwambia hivyo mtu ambaye angeuza mashua yake. Utafiti wa Marekani uliowahusisha wanaume 450 wenye saratani ya tezi dume isiyosambaa, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2024, haukuona tofauti ya maana kati ya protoni na eksirei za kisasa, si katika kuudhibiti ugonjwa wala katika matatizo ya haja kubwa. Saratani iliyokwisha kusambaa mwilini nayo kwa kawaida haihitaji protoni. Wanaonufaika zaidi ni watoto, wenye uvimbe wa chini ya fuvu au jichoni, na wale ambao uvimbe wao umebanana na kiungo kisichopaswa kuguswa. Jirani yetu huyo alitibiwa Ocean Road kwa mashine ya LINAC, ile ya eksirei, na anaendelea vizuri.

Umbali ndio gharama ambayo haiandikwi kwenye ankara. Afrika Kusini ilianza kutibu kwa protoni mwaka 1993 huko Faure, karibu na Cape Town, lakini huduma hiyo ilikoma. Anayekwenda India ajipange kwa wiki nane, si sita, na abebe picha zote za MRI zikiwa kwenye diski pamoja na bloku yenyewe, si karatasi ya majibu pekee. Kabla ya kurudi adai muhtasari wa dozi ulioandikwa kiungo kwa kiungo, kwani madaktari wa Muhimbili waliompa kemotherapi baadaye waliuomba siku ya kwanza tu. Mpwa wangu amerudi darasani Katubuka. Kipimo chake cha masikio ni mwezi ujao, na tiketi ya Dar es Salaam tumeshakata.