TAHADHARI: Muuzaji wa Discovery na Range Rover za mkononi, Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na Tandahimba, naomba mnisome kwa utulivu kabla hamjatoa fedha kununua gari la kifahari la mkononi, hasa Land Rover Discovery au Range Rover Sport, kwa kuwa kuna mtu anayezunguka mikoa yetu hii miwili akiuza magari yaliyoandaliwa yaonekane mazima kwa saa mbili tu za kutazamwa. Jina lake silitaji kwa sababu shauri langu liko polisi na sitaki kuliharibu, lakini namna anavyofanya biashara yake nitaieleza yote, maana hutumia namna ileile kila mara. Huja zaidi msimu wa korosho, malipo ya minada yanapoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vya msingi, wakati ambapo mtu aliyekaa mwaka mzima akisubiri anapata fedha nyingi kwa mkupuo mmoja.

Mimi nilinunua kwake Discovery 4 ya mwaka 2010, injini ya dizeli ya lita 3.0, kwa shilingi milioni 43. Nilikuwa nimeziona za umri huo zikitangazwa Dar es Salaam kwa zaidi ya milioni 55, na nilipomuuliza sababu ya tofauti hiyo alinijibu kwamba ana mgonjwa wa kusafirishwa haraka. Nilimwonea huruma. Tulikutana Shangani, Mtwara mjini, saa nne asubuhi, gari likiwa limeoshwa, matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha, na injini tayari inaunguruma. Nilipoweka kiganja juu ya boneti nilikuta pana moto, nikafikiri ni jua. Jua la Desemba hapa kwetu ni kali, hilo mnalijua, lakini boneti lilikuwa la moto hata upande uliokuwa kwenye kivuli cha mwembe. Nililihisi hilo kwa mkono wangu mwenyewe kisha nikalipuuza. Tuliliendesha hadi Mikindani na kurudi, na muda wote huo dashibodi haikuwasha taa hata moja ya onyo, gia zilibadilika kwa ulaini, na gari lilisimama pembe zote nne zikiwa sawa. Nilimwomba niondoke nalo likalale kwangu hadi kesho yake ili fundi wangu aliangalie. Akasema ana mteja mwingine kutoka Lindi atakayefika saa nane mchana na fedha mkononi. Saa saba nilikuwa benki.

Gari hilo nililiegesha nyumbani jioni. Nilipotoka alfajiri kwenda msikitini nilikuta pembe ya nyuma kushoto imezama kabisa, tairi limeingia ndani ya tao la bodi kiasi kwamba vidole vyangu havikupita katikati yake, na pembe ya kulia mbele imeinuka, gari likiwa kama ngamia aliyeanza kupiga magoti. Nilipoliwasha, kompresa ya upepo inayoinua gari ilinguruma kwa dakika kadhaa ndipo lilipoinuka. Siku ya tatu taa ya injini ikawaka. Siku ya nane, nikielekea Masasi, nikiwa sijafika Ndanda, nilisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, mara tatu au nne hivi, kisha injini ikazimika na haikuwaka tena. Fundi alipofungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, oili ilikuwa na chembechembe za chuma zinazometameta kama vumbi la fedha, na beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, zilikuwa zimejizungusha na kulika. Sasa natakiwa kutafuta injini nyingine iliyokwishatumika, ambayo nayo hakuna anayeweza kunihakikishia krenki yake.

Ninayoyaeleza kuhusu magari haya si ya kuyachafulia jina, kwa kuwa lililotunzwa vizuri humpa mwenyewe raha ambayo magari mengi hayana. Lakini udhaifu wake unajulikana na mafundi wote wanaoyashika, na muuzaji huyu anaujua kuliko wanunuzi wake. Discovery 3 na 4, pamoja na Range Rover Sport za kizazi cha kwanza zilizotengenezwa kuanzia 2005 hadi 2013, kwa sehemu kubwa hutumia saspensheni ya upepo badala ya springi za chuma. Mifuko ya upepo huchakaa na kupasuka nyufa ndogo, nayo kompresa, ikilazimika kujaza kila mara upepo unaovuja, hufanya kazi kupita uwezo wake hadi inaungua. Injini za dizeli za V6, za lita 2.7 na za lita 3.0, zimejulikana katika nchi nyingi kwa krenki kukatika au beringi zake kujizungusha, na mara nyingi hatari huzidi pale oili ilipocheleweshwa kubadilishwa. Zina pia mikanda miwili ya kukagua, wa taimingi ulioko mbele na mwingine mdogo wa nyuma unaoendesha pampu ya dizeli, na wengi hubadilisha wa mbele wakausahau wa nyuma.

Kasoro zote hizo zina tabia moja, na ndiyo sababu hasa ya kuandika tahadhari hii: mfuko unaovuja polepole hauonekani wakati injini inafanya kazi, kwa sababu kompresa inaendelea kujaza. Huonekana gari likilala. Injini iliyoanza kuchoka huweza kuficha moshi wake na ugumu wake wa kuwaka ikishapashwa moto, lakini ikiwashwa baridi, baada ya saa nane au kumi za kusimama, humtolea mwenye masikio siri zake katika dakika ile ya kwanza. Taa za onyo nazo huzimwa kwa mashine ndogo ya kusomea makosa, yaani hitilafu zinazorekodiwa na kompyuta ya gari, inayochomekwa chini ya usukani; mtu akifuta makosa asubuhi, dashibodi itakaa safi hadi kompyuta ya gari ikamilishe upya majaribio yake, na baadhi ya majaribio hayo yanahitaji gari liwashwe likiwa baridi na kuendeshwa mwendo wa kutosha. Kwa hiyo usiku mmoja unafichua kile ambacho saa mbili za mchana haziwezi kufichua, na muuzaji huyu hakubali kamwe gari lilale mikononi mwa mnunuzi.

Tafadhalini, gari lilale kwanza. Likiwezekana lilale kwako, na likishindikana lilale kwake ila wewe uwe umelipima jioni na ufike kabla halijawashwa. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao la bodi juu yake, pembe zote nne, uandike vipimo hivyo kwenye karatasi na upige picha. Alfajiri upime tena. Kushuka kidogo kwa pembe zote kwa pamoja si jambo la kutisha, maana mfumo wenyewe hujisawazisha gari likiwa limesimama. Pembe moja ikizama peke yake, au mbele yote ikilala chini, hapo upepo unavuja. Kisha shika boneti, shika na bomba la moshi. Kama ni vya baridi, mwambie mwingine awashe wewe ukiwa umesimama mbele ya injini na redio imezimwa.

Mashine ya kusomea makosa fundi wako atakuwa nayo, na kama hana, ndogo zinazounganishwa na simu zinapatikana kwa bei ambayo mnunuzi wa gari la mamilioni hawezi kuiona nzito. Msimwombe fundi asome makosa peke yake. Mwambieni atazame pia umbali uliotembewa tangu makosa yafutwe mara ya mwisho, kwa kuwa kompyuta za magari mengi ya miaka hii huhifadhi hesabu hiyo, na wanaofuta makosa mara nyingi hawajui kwamba wanaacha nyayo.

Makaratasi nayo yanahitaji usiku wake, na ndiyo sababu nyingine ya yeye kukuharakisha. Gari langu lilitoka Uingereza, na odomita ilisoma maili 78,000. Baada ya kuumia, ndipo nilipoangalia kwa makini makabrasha yaliyokuwa kwenye droo ya gari, nikakuta risiti ya zamani ya karakana yenye namba ya Kiingereza ya gari hilo. Serikali ya Uingereza huruhusu mtu yeyote kuangalia bure kwenye tovuti yake historia ya ukaguzi wa gari kwa kutumia namba hiyo, pamoja na maili zilizoandikwa kila mara lilipokaguliwa. Ukaguzi wa mwisho wa gari langu ulikuwa umeandika maili zaidi ya 131,000. Kazi hiyo ilinichukua dakika tano, nami nilikuwa na siku nzima ya kuifanya kabla ya kulipa, kama ningekubali mteja wa Lindi aende na gari lake. Ombeni nakala ya hati za gari za nchi lilikotoka. Kwa yaliyotoka Japani ombeni karatasi ya mnada wa magari wa huko. Linganisheni pia mwaka anaoutaja na namba ya chesisi, kwa kuwa herufi au tarakimu ya 10 kati ya zile 17 huonyesha mwaka wa toleo: 9 ni 2009, A ni 2010, B ni 2011. Herufi za namba ya Tanzania, zile tatu za mwisho, zinaeleza tu gari lilisajiliwa lini hapa nchini, na yeye huzitumia kuwaaminisha watu kwamba gari ni jipya.

Kadi ya gari haikuwa na jina lake. Alisema ni la shemeji yake. Mwenye jina lazima awepo, au pawepo hati ya kisheria ya kumruhusu anayeuza, na mhakikishe Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba namba ya chesisi na ya injini zinalingana na kadi, mwangalie deni la faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, na muulize kama gari halijawekwa dhamana ya mkopo.

Mkataba aliuandaa mwenyewe, na ulikuwa na sentensi inayosema kwamba mnunuzi amelikagua gari na ameridhika nalo jinsi lilivyo. Nilisaini. Nilipofika polisi, askari aliyenisikiliza aliniuliza kwa upole kama nililikagua gari kabla ya kulipa, nami nikamjibu ndiyo, kwa sababu ni kweli nililikagua, kwa saa mbili alizonipa. Sentensi hiyo msiikubali ikae peke yake. Takeni mkataba uandike maili au kilomita zinazosomeka siku ya mauziano, mwaka wa gari, namba ya chesisi, na tamko la muuzaji kwamba hajui kasoro yoyote ya injini, gia boksi wala saspensheni, na wakili wenu ndiye aushuhudie.

Nimeamua kuandika sasa kwa sababu wiki iliyopita binamu yangu aliyeko Masasi aliniambia ameonyeshwa Range Rover Sport ya 2008, rangi ya fedha, na mtu mwenye maelezo yaleyale, mgonjwa yuleyule, na mteja anayekuja kutoka Lindi. Nilimwomba asimgombeze, bali amwombe tu fundi achomeke mashine. Muuzaji alikuwa amesema gari limefika jana yake kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500 kwa barabara yetu ya Kibiti na Nangurukuru. Mashine ikaonyesha kwamba tangu makosa yafutwe gari lilikuwa limetembea kilomita 11. Binamu yangu hakubishana naye. Alimwambia kwamba yuko tayari kulipa kesho asubuhi, ila gari lilale uani kwake, funguo akae nazo muuzaji mwenyewe. Mtu yule alisema atafikiria, akatoka nje kupiga simu, na kabla ya magharibi alikuwa ameshaondoka na gari kuelekea Lindi.

Kwa hiyo ndugu zetu wa Lindi mjini, Mingoyo na Mtama, gari hilo huenda liko kwenu sasa hivi. Na kama kuna yeyote aliyekwishampa kishika uchumba au bei kamili kwa gari lolote, naomba asikae kimya kwa aibu: aende kituo cha polisi kilicho karibu naye akiwa na nakala ya mkataba, risiti ya benki au ujumbe wa muamala wa simu, na picha za namba ya chesisi, aeleze kwamba lipo shauri kama hilo limefunguliwa Mtwara mjini, ili malalamiko yetu yashughulikiwe kwa pamoja.