Redio ya Injili iliyonikatia simu nikiwa hewani

Hii redio ya nyimbo za Injili hapa Dar nimeisikiliza tangu nashonea cherehani ya kukanyaga. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Kwa muda wote huo ningewapa nyota tano bila kufikiri. Leo nawapa moja, na hiyo moja ni ya fundi mitambo.

Majuzi walikuwa wanaadhimisha miaka yao, wiki nzima jingo ni lile lile: historia yetu, historia yetu. Asubuhi moja mtangazaji, kijana mwenye sauti nzito ya kujitengenezea, akasema kabla yao Mtanzania alikuwa hajawahi kusikia kwaya redioni. Mkasi ukanitoka mkononi. Nikapiga simu.

"Bwana Yesu asifiwe mama, punguza sauti ya redio yako." Nikapunguza. Nikaanza kwa adabu kabisa: mwanangu, hongereni, ila kwaya tulizisikia redioni nyie hamjazaliwa. Walutheri walikuwa na studio ya Sauti ya Injili pale Moshi, na mama yangu aliimba mle na kwaya ya usharika wao. Kanda zikishajazwa zinasafirishwa hadi Addis Ababa, kwenye kituo cha Shirikisho la Walutheri Duniani kilichoanza kurusha matangazo 1963, kisha zinaturudia huku kwa masafa mafupi, mpaka 1977 serikali ya wanajeshi ya Ethiopia ilipokitaifisha...

Hiyo 1977 sikuifikia. "Mama, hiyo ni historia yako, sisi leo tuko na ya kwetu, barikiwa sana." Tiii. Nikaongeza sauti ya redio, nikamsikia anacheka na mwenzake, "wamama wa zamani bwana", halafu wakaweka wimbo wa kuruka ruka.

Hilo "barikiwa sana" ndilo lililonichoma. Bora angenitukana tu! Mteja aliyekuja kupima gauni la kichenpati alisikia yote, akanipa pole, nami nikampunja kiuno kwa hasira. Ikabidi nifumue.

Na hata historia ya hapa hapa mjini hawaijui. Enzi za Redio Tanzania, kwaya tulikuwa tunazipata humo. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa redio binafsi, na mwaka uliofuata Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam likaanzisha Radio Tumaini. Hawa ndugu zangu walikuwa bado kabisa! Sasa wanatutangazia kwamba wao ndio mwanzo wa kila kitu, na kwenye studio nzima hakuna mtu mzima wa kuwaambia jamani ulizeni.

Tangu siku ile kila kitu chao kinaniudhi. Mahubiri ya kupanda mbegu, na namba ya simu inarudiwa mpaka mtoto wa jirani ameikariri. Tangazo la mafuta ya upako katikati ya sala. Mitambo kukatika, zamani nilikuwa navumilia, nasema ni umeme. Sasa sivumilii. Nilihamia redio nyingine.

Nikarudi, niseme ukweli. Usiku, baada ya saa nne, wana dada mmoja wa kipindi cha kwaya za zamani. Haongei sana. Anataja kwaya, anataja usharika, na akijua aliyepiga kinanda anamtaja pia, halafu ananyamaza, wimbo unapigwa mpaka mwisho. Juzi kaweka kwaya moja ya upande wa Kilimanjaro, kanda imechakaa, inakoroma, na kabla ya ubeti wa pili unasikia mtu anakohoa, tena besi. Nikazima cherehani. Kwa ajili ya huyu dada nyota ziwe tatu. Nne. Hapana, tatu, yule kijana bado yuko hewani kila asubuhi na hajaniomba radhi.

Sasa wanatangaza wasikilizaji tulete kanda za zamani wazihifadhi. Ya mama ninayo, imo kwenye kopo la vifungo. Sipeleki. Au nitapeleka, ila nimkabidhi dada wa usiku mkononi, na akiwa mapokezi yule kijana nageuza nayo.