Kisanduku cha majaribio ya maada: vifaa vizuri, kadi zinahitaji mwalimu

Ndani kuna bomba la sindano (bila sindano yenyewe), kipimajoto, mizani ndogo, maputo, vipande vya mbao na chuma, pamoja na kadi za maelezo. Vipande hivyo niliviweka kando mapema. Mtoto anayejua tayari kwamba chuma huzama hana cha kugundua hapo.

Bomba ndilo linalostahili sifa. Vuta hewa, ziba mdomo kwa kidole, sukuma: pistoni inaingia, na ukiiachia inarudi. Sasa jaza maji pasibaki hata kiputo, usukume tena. Haiendi. Binti yangu alidhani nimelibana mahali, akalinyang'anya ajaribu mwenyewe mpaka kidole kikamuuma. Hapo ndipo alipoelewa kwamba chembe za gesi zimeachana sana, ila za kimiminika zinagusana.

Halafu ukifungua kadi ya tatu unakuta chembe za kimiminika zimechorwa mbalimbali, kama vile kimiminika ni nusu ya safari kutoka yabisi hadi gesi. Zingekuwa hivyo, maji yangebonyea. Tena kwa maji mchoro umepinduka kabisa: yakiganda ujazo wake huongezeka kwa asilimia 9 hivi, ndiyo maana barafu huelea. Kadi nyingine imeandika "gesi" juu ya wingu jeupe la birika. Lile ni matone madogo. Mvuke wenyewe hauonekani, uko kwenye ule upenyo mtupu karibu na mdomo wa birika.

Jaribio la kupima hewa kwa puto lirukeni. Mizani inasoma gramu nzima nzima, na kwa kuwa puto linabebwa na hewa inayolizunguka, tofauti inayobaki ni sehemu ndogo tu ya gramu.

Kipimajoto kimenifurahisha. Kwenye barafu iliyopondwa, ukikoroga, kinakaa 0°C mpaka barafu iishe, maana joto linaloingia linamalizikia kulegeza chembe zilizoshikana. Kwenye kuchemsha, kadi inaahidi 100°C bila kutaja mwinuko. Anayeishi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari atasoma 95 hivi na kudhani kipimajoto ni kibovu.

Nyota nne. Kinawafaa watoto wa miaka 8 hadi 11, mtu mzima akiwa karibu. Kadi ya tatu ichoreni upya wenyewe, baada ya jaribio la bomba, si kabla.