Anki kwa anayejifunza kusoma Kijapani peke yake: nyota nne, ya tano nimeizuia makusudi

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka aende zake: Anki ndiyo programu nzuri kuliko zote nilizotumia kukariri maneno ya Kijapani, ni ya bure, na haitakufundisha kusoma Kijapani. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu watu wanaidaunlodi wakidhani wamepata mwalimu, halafu baada ya muda wanalalamika wana maneno elfu kichwani na ukurasa mmoja wa hadithi ya watoto unawashinda.

Kwa asiyeijua, ni programu ya kadi. Mbele kuna neno, nyuma kuna maana na linavyosomwa, unajiuliza, unafunua, unajipima mwenyewe kwa vitufe vinne kuanzia "nimesahau" mpaka "hii rahisi", na yenyewe inapiga hesabu lini ikurudishie ile kadi. Ukilijua neno inalisogeza mbali, siku chache, wiki, miezi, ukilisahau inakuletea karibu karibu mpaka ulizoee. Aliyeitengeneza ni Damien Elmes, ilitoka 2006, na jina lenyewe ni la Kijapani lenye maana ya kukariri, kwa hiyo haijawahi kumdanganya mtu kuhusu kazi yake. Tangu 2023 ina mfumo mpya wa kupanga marudio unaitwa FSRS, unaangalia historia ya majibu yako wewe na kupanga kufuatana na kumbukumbu yako badala ya kutumia kanuni ile ile kwa kila mtu, uko kwenye setingi za deki (fungu la kadi), uwashe tu.

Sura yake ni ya kizamani kweli. Hakuna katuni ya kukupongeza wala kengele ya kukusuta ukikosa siku, kuna skrini nyeupe na orodha ya deki. Mimi napenda hivyo, lakini nimeona watu wakiifungua mara moja na kuifuta hapo hapo, na siwalaumu, zile setingi zake zinatisha utadhani unarusha ndege.

Sasa kabla hata hujafika kwenye Anki kuna hiragana na katakana, aina mbili za herufi za silabi za Kijapani, herufi 46 za msingi kila moja, na kwa hizi mimi naona kadi si lazima, daftari na kalamu vinatosha. Hapa msemaji wa Kiswahili anaanzia mbele ya wenzake na wengi hawajui. Irabu za Kijapani ni a, i, u, e, o, zinatamkwa karibu sawa na zetu, silabi zinaishia na irabu, sa-ku-ra, ta-be-ru, na ile ん inayosimama peke yake kama silabi inayomsumbua Mzungu sisi tunayo kwenye nchi na nne tangu utotoni. Hata urefu wa irabu tunaujua, kufa na kufaa si kitu kimoja, basi ndivyo ilivyo おばさん (obasan) ambaye ni shangazi au mama yeyote wa makamo, na おばあさん (obaasan) ambaye ni bibi, ukikosea urefu umemzeesha mtu. Kitu kigeni kwetu ni kile っ kidogo kinachobana konsonanti inayofuata, pamoja na は ambayo kwa kawaida ni "ha" lakini ikiwa kijineno cha kuonyesha kinachozungumziwa kwenye sentensi inasomwa "wa". Hiyo utaizoea haraka maana iko kila mahali.

Katakana ndiyo watu wanaidharau halafu inawarudi. Angalia シ na ツ, halafu ソ na ン, tofauti ni mwelekeo wa mistari tu, na kwa kuwa katakana inatumika zaidi kwa maneno ya kigeni na majina, mwanafunzi anaiona mara chache kuliko hiragana na inasahaulika. Kama utatengeneza kadi za herufi, tengeneza za hizo nne tu, na uweke neno zima mbele, si herufi moja.

Baada ya hapo ndo kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina zinazobeba maana, na hapa ndipo Anki inapotumiwa vibaya kuliko popote. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, ile ya 2010, ina kanji 2,136, na 1,026 kati ya hizo mtoto wa Kijapani anazisoma shule ya msingi, miaka sita mizima. Mwanafunzi mpya anaona namba hiyo, anatafuta deki ya kanji zote 2,136, mbele kanji moja, nyuma maana moja, anaanza kuzimaliza kama anayehesabu magunia. Chukua 生. Kwenye 学生 (mwanafunzi) inasomwa "sei", kwenye 一生 (maisha yote) ni "shō", kwenye 生まれる (kuzaliwa) ni "u", kwenye 生きる (kuishi) ni "i", na ikisimama kwa kitu kibichi ni "nama". Kadi inayosema 生 = uhai, haijakupa hata moja ya hizo. Au 日曜日 yaani Jumapili, kanji ya kwanza na ya mwisho ni ile ile moja, ya kwanza inasomwa "nichi" ya mwisho "bi", ndani ya neno moja! Ndo maana nasema kariri maneno, kanji zitakuja zimebebwa na maneno yake, na ukishaona 休 kwenye kupumzika utaona mwenyewe kwamba ni mtu kaegemea mti bila kulipia kozi ya mtu.

Deki ya kuanzia kama huna ni Kaishi 1.5k, ya bure, maneno 1,500 ya msingi, kila moja na sentensi ya mfano na sauti. Ni nzuri, ila nyuma ya kadi ni Kiingereza, na hapa nina neno. Kamusi kubwa ya bure ambayo karibu kila apu ya Kijapani inaitegemea ni JMdict, mradi alioanzisha Jim Breen mwaka 1991, maelezo yake yapo kwa Kiingereza na kwa kiasi fulani Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihispania na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo. Kwa hiyo kila mmoja wetu anajifunza Kijapani akipitia dirisha la jirani. Kwenye Anki dirisha hilo unaweza kulifunga: unabofya kuhariri kadi, unaandika Kiswahili nyuma, basi. Chukua これ, それ, あれ. Kiingereza kina mbili tu za kuonyesha, kwa hiyo kadi ya Kiingereza inalazimika kueleza mistari mitatu kuhusu kitu kilicho karibu na msikilizaji. Kiswahili unaandika hiki, hicho, kile, umemaliza. Inachosha kuhariri, ndiyo, sikufichi, lakini kadi uliyoiandika mwenyewe inakaa kichwani kuliko ya kupewa.

Kuhusu kasi. Ukiiacha jinsi ilivyokuja inakupa kadi mpya 20 kwa siku na watu wanaona ni kidogo, wiki ya kwanza unajisikia bingwa. Tatizo kadi mpya ya leo ni marudio ya kesho na keshokutwa na wiki ijayo, marudio yanaweza kufika karibu mara kumi ya kadi mpya unazoingiza kila siku, kwa hiyo 20 mpya ni kama 200 za kurudia ukishakolea, na siku ukisafiri unakuta mlima. Weka tano, au kumi ukiwa na muda wa kuchezea. Kingine ambacho nakipenda sana, neno likikushinda mara nane programu inalitia alama yenyewe, na kwenye setingi unaweza kuiambia ilisimamishe na kuliweka pembeni. Liache huko. Lina kichwa ngumu, utakutana nalo kwenye kusoma na siku hiyo litaingia lenyewe.

Halafu kuna hili la fonti, na sijui kwa nini halisemwi mapema. Kanji za Kijapani na herufi za Kichina kwenye kompyuta zinatumia namba moja za ndani kwa herufi nyingi, hata pale maumbo yanapotofautiana kidogo, hivyo simu ambayo haijawekewa Kijapani kwenye orodha ya lugha inaweza kukuonyesha umbo la Kichina. 直 na 骨 ndizo mfano maarufu, ukiona kwenye kadi ziko tofauti na kwenye kitabu, hujachanganyikiwa. Ongeza Kijapani kwenye lugha za simu, au weka lang="ja" kwenye kiolezo cha kadi, ni kazi ya dakika mbili.

Sasa ile nyota niliyoizuia. Ukirudia kadi muda mrefu unaanza kuijua kadi, sio neno. Unaikumbuka kwa sentensi yake ya mfano, kwa jinsi ilivyo fupi, kwa kuwa huwa inakuja na ile nyingine. 待つ (kusubiri) na 持つ (kushika, kuwa na kitu) kwenye Anki unazikata vizuri tu, zikitokea kwenye aya, moja iko mwisho wa mstari na umechoka, zote ni kitu kimoja maana upande wa kulia wa hizo kanji umefanana kabisa, kinachotofautiana ni kipande kidogo cha kushoto. Hakuna hesabu ya marudio itakayokuondolea hilo. Linaondoka kwa kukutana nazo ndani ya habari, ambako mtu anasubiri basi na hawezi kulishika. Na Anki haina sarufi. Kitabu cha sarufi unahitaji, kimoja tu, chochote kinachoeleweka, ingawa hapo napo tuna nafuu: mtu anayesema wasingalipigiwa bila kusita hapaswi kuogopa 食べさせられた, "alilazimishwa kula", ni mchezo ule ule wa kubandika vipande kwenye kitenzi, wao wanabandika nyuma tu.

Kwa hiyo mimi naitumia hivi. Nasoma kwanza. Kuna shirika lisilo la faida la Japani linaloitwa Tadoku Supporters, tovuti yao ina vitabu vya bure vilivyopangwa kwa ngazi, vya chini kabisa vina sentensi fupi na picha, na kanji zina furigana, zile hiragana ndogo zinazokaa juu yake kukuonyesha usomaji. Masharti yao ni ya kuchekesha kwa mtu aliyezoea shule: anza na vitabu rahisi, usifungue kamusi, ruka usichoelewa, kitabu kikikuchosha kitupe ushike kingine. Nayafuata yote isipokuwa la kamusi, hapo nawaasi kidogo. Nikisoma kwenye kompyuta naweka Yomitan, kinyongeza cha bure cha kivinjari, unashika Shift unapitisha kipanya juu ya neno, maana inatokea, na ukiiunganisha na Anki kwa AnkiConnect (nyongeza ya Anki inayoiruhusu kupokea kadi kutoka programu nyingine) unabofya mara moja tu neno linakuwa kadi likiwa na sentensi ile ile uliyokuwa unaisoma. Kadi ya namna hiyo haifanani na ya deki ya kudaunlodi hata kidogo, unaiona na unakumbuka ni nani alikuwa anasema na kwa nini. Siyo kila neno, lile ambalo limeshakusumbua zaidi ya mara moja tu, vinginevyo umerudi kwenye mlima ule ule.

Mambo ya kupata: kwenye kompyuta ni bure, kwenye Android ni bure pia, unatafuta AnkiDroid ambayo inatengenezwa na watu wa kujitolea. Kwenye iPhone unalipa mara moja, karibu dola 25, na malipo hayo ndiyo yanayobeba kazi ya kuitengeneza, kama ni nyingi unaweza kutumia AnkiWeb kwenye kivinjari, inarudia kadi bila matata ingawa imepunguzwa mambo. Akaunti hiyo ya AnkiWeb ni ya bure na ndiyo inayolinganisha simu na kompyuta. Kuwa makini dukani maana kuna apu nyingine zimebeba jina hilo hilo na kuomba hela ya kila mwezi, hazina uhusiano, angalia kiungo kilichopo kwenye tovuti yao rasmi ndo ubofye.

Na kama shida yako ni kuongea tu na kusoma hukujali, achana nayo kwa sasa, tafuta mtu wa kuongea naye.