Fundi wa viatu wa Birere: tathmini ya mwalimu wa mbio ndefu

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikipeleka raba za wakimbiaji wangu kwa fundi mmoja wa viatu anayefanyia kazi ukingoni mwa soko la Birere, hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Wazazi na vijana huniuliza kila mara kama kweli ndiye wa kumwendea, na kwa kuwa jibu langu lina ndiyo kubwa na mawili matatu ya kulalamikia, nimeona niliandike lote mahali pamoja.

Ninafundisha vijana kumi na mmoja wa mbio za mita 5,000 hadi marathoni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kununua raba mpya dukani. Wote huvaa za mitumba, zilizokwisha kukimbiliwa na mtu mwingine katika nchi nyingine, na zinapofika miguuni mwao gundi imechoka na soli imelika upande. Kwa hiyo fundi kwetu si mtu wa kukumbukwa kiatu kikishatoboka, bali ni sehemu ya mazoezi, kama maji na usingizi.

Ardhi yetu nayo haina huruma. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka Januari 2002, uji wa moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na Mei 2021 ukashuka tena na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Mawe uliyoyaacha, ambayo tunayaita makoro, ndiyo tuliyojengea kuta zetu, na katika njia nyingi za mitaani ndiyo tunayokanyaga. Yana matundu na ncha, na hulamba soli kama tupa inavyolamba chuma. Raba iliyotengenezwa kwa ajili ya lami laini inaweza kuanza kubanduka mbele hata kabla mkimbiaji hajamaliza mwezi wa pili wa mazoezi.

Siku ya kwanza nilimpelekea raba ya kijana mmoja ambayo soli yake ilikuwa imeachia kuanzia vidoleni hadi katikati ya unyayo, ikipiga chini kama kandambili. Nilitarajia aimwagie gundi na kunirudishia papo hapo, kama nilivyozoea kufanyiwa kwingine. Hakufanya hivyo. Aliibandua soli yote kwa kisu chembamba, akafuta vumbi jeusi la makoro kwa kitambaa kilicholowa petroli kidogo, akasugua gundi ya zamani kwa msasa mpaka pande zote mbili zikawa na ukwaru, ndipo akapaka gundi mpya kwa kidole, tabaka jembamba, akaiacha wazi. Nilipomwuliza mbona habandiki, alinishika mkono na kunigusisha kidole kwenye gundi. "Mwalimu, bado inanata," akasema. "Ikikataa kidole chako, ndipo itakishika kiatu." Baada ya muda akaisogeza juu ya mbabula, jiko la makaa, ipate joto, akabandika, akagonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki ndani, halafu akaizungushia vipande vya tyubu ya pikipiki, akavikaza na kuiacha ilale hadi kesho yake. Mshono wa uzi wa nailoni kuzunguka ukingo aliuweka asubuhi. Raba ile ilikimbia miezi mitano zaidi, na iliposhindwa, kitambaa cha juu ndicho kilichotangulia kuchanika. Mshono haukufumuka.

Wapo watakaosema ninakuza jambo dogo. Hao ninawakumbusha mbio za Berlin za Septemba 2015. Eliud Kipchoge alivaa viatu ambavyo vilikuwa bado katika majaribio, soli za ndani zikachomoka na kupepea nyuma ya visigino kwa sehemu kubwa ya kilomita 42, miguu ikachubuka, na bado akashinda kwa muda wa 2:04:00. Wengi huisoma habari hiyo kama habari ya ushujaa, na wana haki. Mimi huisoma pia nikifikiria kile ambacho kingeweza kupotea siku ile. Huyu ni mtu aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, akapata shaba ya Olimpiki Athens 2004 na fedha Beijing 2008, akakosa nafasi ya kwenda London 2012, akahamia mbio za barabarani mwaka uliofuata. Na baada ya Berlin hiyo bado dhahabu ya Rio 2016 na ile ya michezo ya Tokyo, aliyoikimbilia Sapporo mwaka 2021, zilikuwa zinamngoja. Zaidi ya miaka ishirini katika ngazi ya juu haipatikani kwa mapafu peke yake. Hupatikana kwa miguu iliyolindwa siku baada ya siku, na huko Kaptagat, nchini Kenya, alikuwa na kocha wake Patrick Sang, wenzake wa mazoezi na viatu vya kutosha. Vijana wangu wana mimi, na wana fundi huyu.

Wapo pia wanaonitajia Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwa 2:15:16. Ni kweli tupu. Lakini miaka minne baadaye, Tokyo, Bikila alivaa viatu na soksi, akakimbia 2:12:11, na katika mji wetu mkimbiaji peku hafiki hata mwisho wa mtaa.

Kilichonifanya nimheshimu zaidi fundi huyu ni jicho lake. Binti mmoja katika kundi langu alikuwa akilalamika maumivu ya kifundo cha mguu wa kulia kwa wiki tatu, nami nikampunguzia mwendo na kumpumzisha bila kupata nafuu ya maana. Nilipopeleka raba zake kushonwa, fundi alizigeuza zote mbili, akaziweka juu ya goti zikiwa zimelala soli juu, akapitisha kidole gumba kwenye visigino. Akaniambia kwamba cha kulia kimelika upande wa nje karibu mara mbili ya cha kushoto, na akaniuliza kama binti huyo hukimbia kando ya barabara iliyoinama, upande ule ule kila siku. Ndivyo ilivyokuwa. Alisawazisha kisigino kwa kipande chembamba cha mpira, nami nikabadilisha njia ya mazoezi, na baada ya siku kumi binti akarudi kwenye kilomita zake. Sitasema ni mpira peke yake uliomponya, lakini aliyeona tatizo kwanza ni fundi.

Yapo ya kulalamikia. La kwanza ni ahadi zake za siku. Mara moja aliniambia Alhamisi, nikazipata raba Jumamosi jioni, na mbio zilikuwa Jumamosi asubuhi. Mkimbiaji wangu alikimbia na raba za dada yake zilizompwaya na akarudi na malengelenge matatu. Fundi aliomba radhi kwa moyo na hakunitoza chochote, lakini mbio zilishapita.

La pili ni soli ya tairi. Soli ya asili ikiisha kabisa, yeye hukata nyingine kutoka tairi la gari, na kwa uimara haina mshindani. Uzito wake ndio tatizo. Nilipima raba moja kabla na baada kwenye mizani ya muuza maharage, nikakuta imeongezeka karibu gramu tisini. Kwa mtu wa kutembea si kitu. Kwa anayenyanyua mguu maelfu ya mara kwa saa moja ni mzigo unaolipwa na magoti. Sasa raba za aina hiyo tunazitumia kwa mwendo wa polepole tu.

Kuhusu raba za kisasa, zile zenye sponji nene na bamba la kaboni ndani, amekuwa mkweli. Kijana mmoja alitumiwa jozi na ndugu yake aliye ng'ambo. Fundi aliibonyeza, akaikunja kidogo, akamrudishia. "Hii siiwezi, mdogo wangu. Nikiitia nyundo nitaiua." Ningependa siku moja ajifunze, kwa sababu Kongo inao watu wa mbio hizi: mwaka 2016 Makorobondo Salukombo, aliyeanzisha mpango wa mazoezi hapo Kirotshe kando ya Ziwa Kivu, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio, naye Beatrice Kamuchanga akakimbia mita 5,000. Vijana wangu wanayajua majina hayo kuliko wanavyowajua mawaziri.

Bei zake naziona za haki. Kwa jozi moja, gundi peke yake ni faranga 5,000, gundi na mshono 8,000, na soli nzima ya tairi 15,000. Upande wa pili wa soko wapo wanaobandika kwa 3,000. Nilijaribu mara moja, na baada ya siku kumi na mbili soli ikaachia kwenye mvua.

Anayetaka kumwendea afike kabla ya saa tatu asubuhi, kabla foleni ya viatu vya shule haijajaa. Raba zifuliwe na zikauke kabisa, maana gundi haikubali unyevu, na apeleke zote mbili hata kama iliyoharibika ni moja, kwa sababu fundi hulinganisha. Aseme wazi kwamba ni za kukimbilia, la sivyo atawekewa kipande kizito. Na ataje siku ya karibu kuliko ile anayozihitaji: mimi nina jozi mbili kwake wiki hii, mbio ni Jumapili, nami nimemwambia nazitaka Jumanne.