Vinia ya msaji kwenye kabati la mama: gundi iliniangusha, pasi ikaniokoa

Kabati la mama limenizidi umri. Mbao za ndani bado nzima, ila uso wake ulibabuka kwa unyevu na chumvi, na dada yangu alishataka lipasuliwe kuni. Nikaagiza vinia ya msaji, yaani ngozi nyembamba ya mbao ya kubandika juu, kutoka Mombasa, futi 8 kwa 4, ile yenye karatasi nyuma. Ilikuja na basi hadi Mokowe, ikavuka kwa mashua hadi Lamu, ikaingia mtaani kwetu Mkomani juu ya punda, imekunjwa kama mkeka. Haikuvunjika hata pembe. Mishipa ya mti imenyooka, rangi haina mabaka.

Kesi yangu ni gundi niliyouziwa pamoja nayo, ya manjano, ile ya washona viatu. Unapaka pande zote mbili, unangoja hadi kidole kisinate, ndipo unabandika. Zikigusana basi, huna ruhusa ya kusogeza. Mlango wa kwanza ulienda upande na hivyo ndivyo ulivyobaki. Hilo ni kosa langu. Lakini siku ya tatu ukaota malengelenge.

Tulikuwa Juni, mvua za mwaka hazijakata. Jirani yetu, mzee seremala, aliugonga kwa ukucha akacheka. "Mwanangu, gundi hii hukauka kwa kuvukiza, na ikivukiza hupoa. Hewa yetu ikikuta kitu kilichopoa huacha maji, kama gilasi ya sharubati. Umebandika juu ya umande."

Akaniambia nitumie gundi nyeupe ya mbao na pasi. Malengelenge niliyachana kwa wembe kufuata mishipa, nikasukuma gundi kwa sindano ya dawa, nikapiga pasi juu ya kitambaa. Yamelala, ingawa ukiinama kwenye mwanga utayaona.

Mlango wa pili na ubavu nilianza upya: msasa hadi vanishi ya zamani ikatoka yote, gundi nyeupe pande zote mbili, nikaiacha ikauke kabisa. Kisha pasi bila mvuke, kutoka katikati kwenda pembeni, na nyuma yake nakandamiza kwa kipande cha ubao mpaka papoe. Joto huiyeyusha gundi, ikipoa imeshika. Ukikosea unaweza kuibandua kwa pasi hiyohiyo, raha ambayo gundi ya manjano haikupi.

Kingo ziachie ziada ya sentimita moja, ukate baadaye. Msasa wa kingoni uvute kwenda chini tu, ukipandisha utainua vinia. Na uso usiusugue sana: unene wa vinia hii haufiki hata milimita moja. Mimi pembe moja nimeitoboa hadi karatasi, mama ameweka birika hapo.

Vinia nitanunua tena. Lile kopo nimempa mshona viatu, hajalalamika.